Kundi la Mawimbi Linapofika Kwenye Maji ya Kina Kifupi

Mji wa Dodoma uko mita zipatazo 1,100 juu ya usawa wa bahari, na mwanafunzi wa huku aweza kumaliza kidato cha nne bila kuiona bahari hata mara moja. Kwa sababu hiyo, aghalabu somo la mawimbi ya maji hupitiwa upesi, kwa mchoro mmoja ubaoni, kisha darasa likahamia kwenye sauti na nuru. Kwa maoni yangu hiyo ni hasara. Maji ndiyo pekee yanayotuwezesha kuliona wimbi kwa macho, kulipima kwa rula na kulifuata kwa miguu. Na nyanda za kati, ijapokuwa ni nchi ya ukame, hazikosi maji ya kutazama. Tunalo bwawa la Hombolo, lililojengwa mwaka 1957. Tunalo bwawa kubwa la Mtera katika mpaka wa Dodoma na Iringa. Tena kuna malambo ya kunyweshea mifugo karibu katika kila tarafa.

Tuanze na lambo. Chagua siku isiyo na upepo, usimame ukingoni, utupe jiwe lenye ukubwa wa ngumi mbili mahali penye kina. (Usiingie majini: katika malambo mengi kuna konokono wanaoeneza kichocho.) Utaona duara la mawimbi likitanuka. Duara hilo si wimbi moja, bali ni ukanda wenye vilele kadhaa, vilivyo virefu katikati na vinavyofifia kuelekea mbele na nyuma. Ukanda huo ndio tunaouita kundi la mawimbi.

Sasa kaza macho yako juu ya kilele kimoja tu kilicho nyuma ya ukanda, wala usikiache. Utastaajabu. Kilele hicho kitakwenda mbele kupita wenzake, kitafika katikati na kuwa kirefu kuliko vyote, kitaendelea hadi mbele ya ukanda, na hapo kitafifia na kutoweka. Wakati huohuo, nyuma ya ukanda vilele vipya vitakuwa vikizaliwa. Hivyo basi kuna kasi mbili, wala si moja: kasi ya kilele na kasi ya kundi. Katika maji ya kina kirefu kasi ya kundi ni nusu kamili ya kasi ya kilele. Kwa mfano, mawimbi ambayo umbali wa kilele hadi kilele ni sentimita 30 huwa na vilele vinavyokwenda kiasi cha sentimita 68 kwa sekunde, ilhali kundi lenyewe linajikokota kwa sentimita 34. Jiwe lisiwe dogo mno, kwa sababu viwimbi vyenye urefu usiozidi sentimita 1.7 hutawaliwa na ule utando wa juu ya maji badala ya uzito wa maji, na katika hivyo mambo hugeuka: kundi huvipita vilele vyake.

Jambo hili lilijulikana rasmi kwa njia ya ajabu kidogo. Mwaka 1876 mtaalamu wa hisabati George Stokes wa Cambridge aliiweka kanuni ya kasi ya kundi katika karatasi ya mtihani. Mwaka uliofuata Osborne Reynolds wa Manchester akaeleza maana yake: nishati ya mawimbi husafiri na kundi, wala haisafiri na kilele. Kilele ni umbo tu. Ukitaka kujua nishati ya dhoruba itafika lini ufukweni, ulitazame kundi.

Lakini kwa nini mawimbi yawe katika makundi? Wanafunzi wanaocheza zeze watalielewa jambo hili kabla ya wengine. Nyuzi mbili zikikazwa karibu sawa, lakini si sawa kabisa, sauti yake huvimba na kunywea, huvimba na kunywea. Nyuzi hizo zikitikisika pamoja sauti huwa kubwa. Zikipishana, moja huizima nyingine. Upepo nao hauzalishi wimbi la aina moja, bali mchanganyiko wa mawimbi yanayokaribiana kwa urefu. Mahali yanapokubaliana pana mawimbi makubwa kadhaa yanayofuatana. Mahali yanapopingana pana utulivu. Mvuvi wa pwani angojaye mawimbi makubwa yapite ndipo avuke mlango wa mwamba anaitumia fizikia hiyo kila siku.

Haya yote yanahusu maji ya kina kirefu. Nini hutokea kundi likikaribia nchi kavu?

Kwanza tujue ni kina gani kinachoitwa kirefu. Chini ya wimbi chembe za maji huzunguka katika miduara, na miduara hiyo hupungua kadiri tunavyokwenda chini. Katika kina kilicho sawa na nusu ya urefu wa wimbi, mwendo huo umekwisha karibu wote. Kwa hiyo kina kikiwa zaidi ya nusu ya urefu wa wimbi, wimbi halina habari ya sakafu iliyo chini yake. Kikiwa pungufu ya hapo, wimbi huanza kuihisi sakafu. Na kikiwa pungufu ya sehemu moja ya ishirini ya urefu wa wimbi, sakafu hutawala kabisa. Hapo kasi haitegemei tena urefu wa wimbi; ni kipeuo cha pili cha kina kikizidishwa kwa mchapuko wa mvutano wa dunia, yaani 9.8. Katika maji ya mita 2, kasi hiyo ni mita 4.4 kwa sekunde kwa kila wimbi refu, liwe limetoka wapi. Zaidi ya hayo, kasi ya kundi na kasi ya kilele huwa sawa. Kilele hakilipiti tena kundi lake. Husafiri pamoja nalo kama abiria aliyeketi katika basi.

Kutoka nusu mpaka usawa: badiliko hilo ndilo kiini cha makala hii, nami namwomba msomaji achukue kalamu na karatasi tulifuate kundi moja.

Tuseme dhoruba iliyo mbali kusini mwa Bahari ya Hindi imetuma mawimbi yenye kipindi cha sekunde 12, na kimo chake ni mita 2. Katika bahari kuu, urefu wa mawimbi hayo ni mita 225. Vilele vyake huenda mita 18.7 kwa sekunde, na kundi mita 9.4. Tuseme pia kwamba mtu aliye katika mashua iliyotia nanga anahesabu mawimbi 10 tangu kundi lianze kupita hadi limalizike. Basi kundi lilichukua sekunde 120 kupita. Kwa kasi ya mita 9.4, urefu wa kundi zima ni kama mita 1,120. Sasa ugawe kwa mita 225: unapata 5. Rubani anayepita juu na kupiga picha ataona vilele 5 tu, ilhali mtu wa mashua kahesabu 10! Hakuna aliyekosea. Kila kilele hukimbia ndani ya kundi, huzaliwa nyuma na kufa mbele, kwa hiyo katika muda ambao kundi linaipita mashua, vilele kumi tofauti vimepata nafasi ya kuonekana.

Kuna kitu kimoja kisichobadilika njiani, nacho ni kipindi. Mfikirie mtu anayehesabu ng'ombe wanaopelekwa mnadani. Wakiwa kwenye mbuga wanatembea wameachana. Wakifika kwenye njia mbaya ya mawe wanapunguza mwendo na kusongamana. Hata hivyo, ikiwa wanaingia ng'ombe 5 kwa dakika, hawana budi kutoka 5 kwa dakika; kama sivyo, wengine wangekuwa wanarundikana bila mwisho au wanatoweka njiani. Vivyo hivyo na vilele: sekunde 12 baharini, sekunde 12 ufukweni. Kundi nalo litachukua sekunde 120 kupita mahali popote. Urefu na kasi ndivyo vinavyobadilika.

Kundi letu likifika kwenye kina cha mita 112 linaanza kuihisi sakafu. Wengi hudhani kwamba tangu hapo litapungua kasi. La hasha! Vilele vinapungua kasi, lakini kundi linaongeza. Kwenye kina cha mita 36 hivi, vilele vimeshuka hadi mita 15.6 kwa sekunde, ambapo kundi limepanda hadi mita 11.2, yaani asilimia 20 zaidi ya kasi yake ya bahari kuu. Urefu wa kundi sasa ni karibu mita 1,350, urefu wa wimbi moja ni mita 187, na rubani wetu angehesabu vilele 7. Kwa kuwa nishati ileile sasa inasafirishwa kwa haraka zaidi, imetandazwa kwenye nafasi kubwa zaidi, na kimo cha mawimbi kimeshuka kutoka mita 2 hadi mita 1.8 hivi. Mawimbi hupungua kimo kabla ya kukua. Vitabu vingi vya shule huliruka jambo hili, na mwanafunzi hubaki akidhani kwamba wimbi hupanda tu tangu linapoihisi sakafu.

Baada ya hapo kasi ya kundi huanguka. Kwenye kina cha mita 13 kimo kimerudi mita 2. Kwenye kina cha mita 4, vilele vinakwenda mita 6.1 kwa sekunde na kundi mita 5.9: tofauti imekwisha karibu yote. Kundi limejikunja hadi mita 710. Wimbi moja lina urefu wa mita 74. Na vilele vinavyoonekana kwa mara moja ni 10, pungufu kidogo. Mawimbi matano yamekuwa kumi bila dhoruba kuongeza hata moja. Kimo sasa ni mita 2.5, na kwa kuwa urefu umepungua hadi theluthi moja wakati kimo kimeongezeka kwa robo, miteremko ya mawimbi imekuwa mikali. Yakikaribia kina cha mita 3, kimo kinafikia karibu nane ya kumi ya kina, vilele vinashindwa kujishikilia, na mawimbi yanapasuka kwa povu.

Turudi nyanda za kati. Bwawa la Mtera, lililokamilika mwaka 1980 juu ya Mto Ruaha Mkuu, lina kiwango cha juu cha mita 698.5 juu ya usawa wa bahari na kiwango cha chini cha uendeshaji cha mita 690. Tofauti hiyo ya mita 8.5 watu wa umeme huitazama kama akiba ya maji. Mtu wa mawimbi huitazama kwa jicho lingine. Upepo wa mchana katika miezi ya kiangazi waweza kuzalisha mawimbi yenye kipindi cha sekunde 3, ambayo katika kina kirefu huwa na urefu wa mita 14 na huanza kuihisi sakafu kwenye kina cha mita 7. Chukua mahali ambapo bwawa likijaa pana kina cha mita 9. Hapo mawimbi hayo hupita bila kujua kuna nini chini. Bwawa likishuka hadi kiwango cha chini, mahali palepale pana maji ya nusu mita, na wimbi lenye kimo cha nusu mita haliwezi kuvuka bila kupasuka. Hata kabla ya kufika hapo, penye kina cha mita 1, urefu wa wimbi umepungua kutoka mita 14 hadi 8.7. Mtumbwi uliokuwa ukipanda na kushuka taratibu sasa unatumbukiza pua. Mvuvi anayelifahamu bwawa katika mwezi wa Mei inampasa ajifunze ramani nyingine ifikapo Novemba, na katika miaka ya ukame mkali, kama 2005 na 2006, ramani nyingine tena. Upepo ni uleule. Sakafu ndiyo iliyosogea karibu.

Liko jambo jingine kundi linalofanya, lisiloonekana kwa macho, na wanasayansi wenyewe walichelewa kulitambua. Mahali penye mawimbi makubwa, mwendo wa maji huusukuma usawa wa wastani wa bahari chini kidogo. Mahali penye utulivu, kati ya kundi na kundi, usawa huinuka. Kwa hiyo chini ya makundi yanayofuatana kuna wimbi jingine, la kimo kidogo sana lakini refu kama kundi zima, linaloburutwa nayo. Baharini wimbi hilo ni la sentimita chache. Makundi yakiingia kwenye maji ya kina kifupi, hukua kwa haraka kuliko mawimbi ya kawaida. Kisha mawimbi ya kawaida yanapasuka, na hilo refu lililokuwa limefungwa kwao linaachwa huru.

Walter Munk wa Marekani aliandika juu ya mapigo haya marefu mwaka 1949. Mwaka 1950 M. J. Tucker wa Uingereza, akipima kwenye ufuko wa Perranporth, aligundua kwamba kila kundi la mawimbi makubwa lilifuatwa na wimbi refu baada ya dakika 4 au 5. Muda huo ulilingana na safari ya kundi hadi ufukweni na ya wimbi refu kurudi hadi kwenye chombo cha kupimia. Maelezo kamili ya kihisabati yalitolewa na Longuet-Higgins na Stewart mwaka 1962.

Katika pwani yetu jambo hili si la vitabuni tu. Sehemu kubwa ya pwani ya Tanzania ina miamba ya matumbawe, na kati ya mwamba na nchi kuna maji ya kina kifupi. Ndivyo ilivyo Paje na Jambiani, mashariki ya Unguja, ambako wakulima wa mwani, wengi wao wanawake, wamekuwa wakifanya kazi majini tangu 1989. Mawimbi ya sekunde 12 huishia mwambani, na anayesimama ndani huona maji shwari. Lakini wimbi refu la sekunde 120 mwamba haulizuii kwa urahisi. Penye kina cha mita 1 huenda mita 3.1 kwa sekunde, na urefu wake ni zaidi ya mita 370: hakuna jicho litakaloona kilele chake. Mtu huhisi tu maji yamepanda mguuni kwa dakika moja, yakavuta kuelekea mlango wa mwamba kwa dakika nyingine, kisha yakapanda tena.

Tukilifuata wazo hilo la wimbi refu hadi mwisho wake, tunafika kwenye tsunami. Alfajiri ya Jumapili, tarehe 26 Desemba 2004, sakafu ya bahari ilipasuka karibu na Sumatra, dakika moja kabla ya saa kumi kwa saa zetu. Urefu wa mawimbi yaliyozaliwa ulikuwa mamia ya kilomita. Bahari ya Hindi, yenye kina cha kilomita 4 hivi, kwa mawimbi hayo ni maji ya kina kifupi! Ile kanuni tuliyoitumia kwa mita 2 inatumika bila kubadilishwa: kipeuo cha pili cha 9.8 mara 4,000 ni mita 198 kwa sekunde, yaani kilomita 713 kwa saa. Kutoka Sumatra hadi Dar es Salaam ni kiasi cha kilomita 6,350. Gawanya, utapata karibu saa tisa. Yaani tsunami ingefika kwetu mchana uleule. Ikafika. Hapa Tanzania walikufa watu wasiopungua 10. Somalia waliokufa walikaribia 300.

Saa tisa ni muda mrefu. Ilikuwapo nafasi ya kutosha ya kuwaondoa waogeleaji ufukweni, ila hapakuwa na utaratibu wa kupeleka habari katika Bahari ya Hindi. Utaratibu huo ulianzishwa baadaye chini ya UNESCO, na kwa upande wetu taarifa hupokewa na Mamlaka ya Hali ya Hewa.

Mwanafunzi atauliza kwa nini nishati ile haikutawanyika katika kilomita zote hizo. Sehemu ya jibu tunalo tayari. Mawimbi ya kawaida yakitoka kwenye dhoruba huachana njiani, marefu yakitangulia na mafupi yakibaki nyuma, hata kundi moja likawa ukanda wa maelfu ya kilomita. Katika maji ya kina kifupi mawimbi yote huenda kasi moja, kwa hiyo hayaachani, na tsunami huvuka bahari ikiwa imeshikamana. Kisha, ikipanda kutoka kina cha mita 4,000 hadi mita 10, kasi yake hushuka hadi mita 9.9 kwa sekunde na kimo chake huongezeka zaidi ya mara nne.

Lakini kipindi, kama tulivyoona kwa ng'ombe wa mnadani, hakibadiliki. Kipindi cha tsunami ya namna hii ni makumi ya dakika. Bonde la wimbi likitangulia, bahari hujiondoa ufukweni na kuacha samaki na matumbawe wazi, na kabla ya kilele kufika hupita dakika kadhaa, aghalabu tano hadi ishirini. Wala kilele hicho si cha mwisho: tsunami nayo ni kundi, na mahali pengi mwaka 2004 wimbi la pili au la tatu ndilo lililokuwa kubwa zaidi.